Kukadiria umbali na muda wa safari ya ndege

Swali huwa "ni saa ngapi angani?", lakini mimi huanza na kilomita, kwa sababu saa zinabadilika na umbali haubadiliki.

Chukua tufe la dunia na uzi. Ramani ya ukutani iache, inapotosha. Madrid na New York ziko karibu kwenye latitudo moja, hivyo ukutani utadhani rubani ananyoosha tu magharibi. Kaza uzi juu ya tufe kati ya miji hiyo, utauona unapanda kaskazini kwanza, ndipo unashuka. Hiyo ndiyo njia fupi. Kisha laza uzi huohuo kwenye ikweta, ambayo mzunguko wake ni kama kilomita 40,000, uone umekula sehemu gani. Huna tufe? Kikokotoo chochote cha mtandaoni kitakupa jibu ukiingiza latitudo na longitudo za viwanja. London Heathrow hadi JFK, New York, ni takriban kilomita 5,550.

Sasa gawanya umbali kwa kasi ya ndege. Jeti kubwa huenda kama kilomita 850 kwa saa. Ya pangaboi, mfano ATR 72, kama 500. Ongeza nusu saa ya kupanda na kushuka. Kwa Heathrow na JFK unapata saa saba.

Halafu upepo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha jeti, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndiyo maana kwenda New York huchukua karibu saa nane, na kurudi saba au pungufu. Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, ndege ya British Airways ilitoka JFK ikatua Heathrow kwa chini ya saa tano. Usipange safari kwa kutegemea upepo wa namna hiyo.

Tiketi nayo isomwe kwa makini: kila saa iliyoandikwa ni ya mahali pale. Kuondoka London 11:00 (saa tano asubuhi) na kufika New York 14:00 (saa nane mchana) si safari ya saa tatu. Geuza zote ziwe UTC, yaani saa moja ya pamoja ya dunia nzima. Majira ya baridi, saa ya London ni sawa na UTC, na 14:00 ya New York ni 19:00 UTC, kwa hiyo ni saa nane kamili. Humo mna pia muda wa ndege kutambaa uwanjani, maana ratiba huhesabu tangu inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena.

Mwisho, angalia kama anga iko wazi. Helsinki hadi Tokyo ilikuwa saa tisa na kitu. Tangu anga ya Urusi ifungwe kwa mashirika mengi ya Ulaya mwaka 2022, Finnair, shirika la ndege la Finland, huzunguka kwa takriban saa 13. Uzi hautakuonyesha hilo. Fungua Flightradar24, tovuti inayoonyesha njia za ndege, tazama ndege hiyo ilivyoruka siku chache zilizopita, na kama una ndege ya kuunganisha, pangia ule muda mrefu kuliko yote.