Somo: Udongo kwanza, ukoka baadaye

Ndugu zangu, mvua za Novemba haziko mbali na wengi mmeshaanza kuulizia bei ya ukoka na pasipalamu, nyasi za kupanda uani. Nawaomba msinunue hata gunia moja kabla ya kumaliza kazi ya chini. Nyasi zikishashika, udongo hauguswi tena.

Hatua ya 1. Zoa kifusi. Fundi akimaliza nyumba hutandaza uani udongo uliotoka kwenye msingi, ule wa chini usio na rutuba, pamoja na vipande vya tofali na zege. Toa vyote.

Hatua ya 2. Ondoa ndago, lile gugu sugu linalofanana na nyasi. Hapa msiwe na haraka. Ukifukua taratibu utaona vikokwa vyeusi vimeunganishwa na uzi mwembamba kama shanga, na kila kimoja kinaweza kuota. Jembe hukata ule uzi na kuvisambaza kiwanja kizima. Tumia uma wa bustani, ingia sentimita 20 hadi 30, kung'uta bonge, okota kwa mkono. Kisha mwagilia, subiri wiki tatu, zilizobaki zichomoze, urudie. Mimi niliwahi kuruka mzunguko wa pili; Februari ndago zilikuwa zimeupita ukoka kwa urefu, nikang'oa nusu ya uwanja. Iliniuma sana.

Hatua ya 3. Changanya samadi iliyoiva, kama debe moja kwa kila mita ya mraba. Iliyoiva haina joto, hainuki, na hupukutika mkononi. Chokaa, ile ya kupunguza tindikali ya udongo, usiweke kwa kubahatisha. Sehemu nyingi za huku Nyanda za Juu Kusini zenye mvua kubwa zina udongo wa tindikali, lakini si zote. Peleka sampuli TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mbeya, ipimwe.

Hatua ya 4. Piga reki, mteremko uelekee mbali na ukuta. Mwagilia, acha utulie wiki mbili, fukia panapotitia.

MASWALI

Mwanachama, Mafinga: Huku maranda ya mbao yamejaa, tena ya bure. Nichanganye?

Jibu: Mabichi hapana, kaka. Yanapooza ardhini hunyang'anya naitrojeni na nyasi hugeuka njano. Yalundike na samadi ya ng'ombe, uyageuzegeuze, yatumike mwakani.

Mwanachama, Iringa: Kwangu ni mfinyanzi mwekundu. Nimwage mchanga?

Jibu: Dada, mchanga kidogo kwenye mfinyanzi hukauka kama tofali. Ongeza mboji. Na usilime udongo ukiwa umelowa: finyanga kidonge, ukibonyeze kwa kidole gumba. Kikipasuka, lima. Kikibonyea kama ugali, ngoja siku mbili tatu.

Mwanachama, Mbeya: Nikikosa msimu huu, nipande Juni?

Jibu: Baridi ya Juni na Julai hudumaza nyasi. Miezi hiyo itumie kwa ndago: fukua, anika vikokwa juani mpaka visinyae, kisha vichome. Usivitupe kwenye shimo la mboji.