Kusafiri Peke Yako kwa Meli ya Kitalii: Piga Hesabu ya Nyongeza Kabla Hujalipa

Tangazo linasema dola 700 kwa usiku saba kwenye Bahari ya Kati. Unaingia, unachagua kabini, unafika kwenye malipo na kukuta bili imepanda karibu mara mbili. Hakuna aliyekuibia. Nauli za meli za kitalii hutangazwa kwa kila mtu, kwa masharti kwamba kabini ina watu wawili. Anayelala peke yake hulipishwa pengo la yule ambaye hakuja, na pengo hilo ndilo tunaloliita nyongeza. Mara nyingi ni asilimia 100 ya nauli, yaani unalipa ya watu wawili. Pakiwa na ofa hushuka hadi 50 au 25, na mara chache sana sifuri.

Konda akikuona umeweka begi kwenye kiti cha pili atakudai nauli ya viti viwili, na meli inafikiri hivyohivyo. Ila meli ina sababu nyingine juu ya hiyo. Nauli ni sehemu tu ya mapato yake. Pesa nyingine hutoka baa, kasino, spa, picha na ziara za bandarini, na kabini yenye mtu mmoja hununua kidogo katika hayo yote. Kampuni hizi hupima ujazo wa meli kwa kuhesabu watu wawili kila kabini, ndiyo maana utazisikia zikitangaza ujazo unaozidi asilimia 100: watoto na ndugu wamelala kitanda cha tatu na cha nne. Kwa hesabu hiyo, wewe na kitabu chako mkiwa mmejinyoosha kwenye kitanda cha watu wawili ni hasara.

Somo hili nimeliandika hasa kwa wenye pasipoti za kwetu Afrika Mashariki. Ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni umeandikwa kwa Mwingereza au Mmarekani, na baadhi yake kwetu haufai kabisa. Nitaeleza ni upi.

Hatua ya 1: Weka mtu mmoja kabla hujatazama bei

Tovuti nyingi huanza zikiwa zimejaza wasafiri wawili. Badilisha iwe mmoja, kisha tafuta upya. Usichukue bei ya tangazo ukaizidisha kichwani, kwa sababu nyongeza hutofautiana kwa kila safari, hata ndani ya meli moja wiki mbili zinazofuatana.

Hatua ya 2: Ipasue bili

Watu wengi huogopa neno “asilimia 100” wakadhani kila kitu kitakuwa mara mbili. Sivyo. Nyongeza hukaa juu ya nauli tu. Kodi na ada za bandari kwa kawaida hutozwa kwa kichwa, kwa hiyo unalipa zako. Bakshishi ya wahudumu, ambayo kampuni kubwa za Kimarekani huiingiza zenyewe kwenye bili, nayo ni kwa kichwa. Kwa kabini ya kawaida ikadirie dola 16 hadi 20 kwa siku.

Tuchukue mfano wa tarakimu za kubuni. Nauli dola 700, kodi na ada za bandari 150, bakshishi 18 kwa siku kwa siku saba, yaani 126. Mke na mume kila mmoja atalipa 976. Wewe ukiwa peke yako na nyongeza ya asilimia 100 utalipa 1,400, ujumlishe 150 na 126, jumla 1,676. Umezidi kwa dola 700, na hizo ni karibu asilimia 72 ya anacholipa mwenzako. Bado inauma, lakini si mara mbili.

Sasa tazama upande wa pili. Meli nyingine inatangaza “hakuna nyongeza”, na nauli yake ni 1,500. Ukijumlisha zile 150 na 126 unapata 1,776. Ile yenye nyongeza kamili imekuwa nafuu kwa dola mia! Kwa hiyo mimi siulizi kamwe nyongeza ni asilimia ngapi. Nauliza jumla ya mwisho ni ngapi, naigawa kwa idadi ya usiku, ndipo nalinganisha meli na meli.

Chunga pia vilivyomo ndani ya bei. Kampuni moja imejumlisha bakshishi na intaneti, nyingine hata soda unalipia. Kwenye vifurushi vya vinywaji msafiri wa peke yake ana afadhali kidogo: meli nyingi humlazimisha kila mtu mzima wa kabini kununua kifurushi mmoja akikitaka, na wewe huna mtu wa kukulazimisha. Kama hunywi pombe, kiache tu.

Hatua ya 3: Ziangalie kabini za mtu mmoja, lakini usizishangilie mapema

Mwaka 2010 Norwegian Cruise Line iliizindua meli ya Norwegian Epic ikiwa na kabini 128 za mtu mmoja, pamoja na sebule ya wapangaji wake pekee. Wengine wakafuata. Queen Mary 2 ya Cunard iliongezewa kabini 15 za mtu mmoja ilipokarabatiwa mwaka 2016, na Koningsdam ya Holland America ina 12 zenye dirisha la bahari. Saga ya Uingereza, inayobeba watu wa miaka 50 na kuendelea, imejenga meli zake ikiwafikiria sana wanaosafiri peke yao.

Tatizo ni kwamba meli ina maelfu ya abiria na kabini hizo ni chache, kwa hiyo huisha mapema na bei yake hupanda. Nyingine ni ndogo mno. Zile za Epic ni kama mita 9 za mraba, na dirisha lake linatazama korido. Mtu anayeshinda nje hatajali, ila mimi kulala chumba kisichoona bahari na huku nimelipia bahari, hapana. Kila mara fungua na bei ya kabini ya kawaida ya ndani ukiwa umeweka mtu mmoja. Si ajabu ukakuta inashinda ya mtu mmoja kwa bei na kwa nafasi.

Kidokezo kidogo: Royal Caribbean humpa anayelipa nauli ya watu wawili akiwa peke yake pointi mara mbili kwenye mpango wao wa wateja wa kudumu. Kama huna mpango wa kurudi, hazina kazi.

Hatua ya 4: Msimu, na ushauri ambao si wetu

Nyongeza hushuka pale meli inapohangaika kujaa. Julai, Agosti na Krismasi familia zinazijaza, usitegemee huruma. Tafuta safari za kuhamisha meli: mwezi wa nne meli nyingi hutoka Karibiani kwenda Ulaya, na mwezi wa kumi na wa kumi na moja hurudi. Siku nyingi ni za baharini tu, bandari ni chache, na wengi hawazipendi. Kwa mpenda utulivu ni neema, na bei kwa usiku huwa ya chini.

Ushauri mwingine maarufu ni kusubiri dakika za mwisho. Malipo kamili hudaiwa mara nyingi siku 75 hadi 120 kabla ya safari, na baada ya hapo kabini zilizobaki hupunguzwa bei, pengine pamoja na nyongeza. Kwa mwenye pasipoti ya Ulaya hilo ni jambo la kununua tiketi na kufunga begi. Kwetu kuna viza. Ombi la viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, hupelekwa si chini ya siku 15 kabla ya safari, uamuzi wa kawaida huchukua hadi siku 15, na unaweza kuvutwa hadi 45. Hujahesabu kusubiri miadi ya kupeleka makaratasi. Ofa ya wiki tatu kabla itakupita ukiitazama. Aliye na kibali cha kuishi Ujerumani au Italia anaweza kuikimbilia. Aliye Dodoma au Kisumu na aombe viza mapema, inaruhusiwa hadi miezi 6 kabla, na anunue safari ambayo kianzio chake kinarudishwa.

Hatua ya 5: Ongeza gharama ambazo huna wa kugawana naye

Hapa ndipo upweke unapogharimu zaidi ya watu wanavyodhani, na meli haihusiki. Ndege ikichelewa, meli haikusubiri, hivyo ni lazima ufike siku moja kabla, na chumba cha hoteli utakilipia chote. Teksi ya kwenda bandarini ni yako peke yako. “Bandari ya Roma” ni Civitavecchia, kilomita zaidi ya 70 kutoka mjini. Watu wanne wakikodi gari wanagawana, wewe panda treni. Kinyume chake Naples unashuka na kutembea kwa miguu hadi mjini, kama abiria wanaoshuka Malindi, Unguja, wakajikuta Mji Mkongwe. Kwa hiyo chagua ratiba yenye bandari zilizo karibu na miji. Ziara zinazouzwa na meli ni ghali, ila hutozwa kwa kichwa, na kundi likichelewa meli hulisubiri. Nazinunua kwa bandari za mbali tu.

Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, pamoja na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Itazame ramani kabla ya kuomba: Barcelona, Marseille, Genoa, Palermo na Malta zote zimo ndani ya Schengen. Meli ikigusa Kuşadası nchini Uturuki na kurudi Ugiriki, umetoka na kuingia tena, kwa hiyo unahitaji viza ya kuingia mara nyingi. Dubai ni vilevile: ukienda Muscat, Oman, kwa meli kisha ukarudi, viza ya kuingia mara moja imekwisha kazi yake.

Hatua ya 6: Piga simu

Ukishapata jumla, mpigie wakala au kampuni yenyewe na uulize kama ipo ofa ya msafiri wa peke yake kwenye tarehe za jirani. Nyingine hazionekani mtandaoni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mombasa: Dada, hizi meli za watalii twaziona zikitia nanga Kilindini. Siwezi kupandia hapa hapa nikaokoa nauli ya ndege?

Meli hizo nyingi ziko kwenye mzunguko mrefu ulioanzia kwingine, na abiria wake wanashuka kutembea tu. Usipange safari kwa kutegemea kupandia njiani. Ukitaka karibu, tazama Durban, Afrika Kusini. Msimu wa kiangazi cha huko, kampuni ya meli ya MSC hufanya safari fupi za usiku tatu au nne kwenda pwani ya Msumbiji. Wakenya na Watanzania hawahitaji viza kwa ziara fupi Afrika Kusini, lakini kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe. Na safari ikiwa fupi, hata nyongeza ya asilimia 100 ni ya usiku tatu tu. Kwa anayeanza, ningeanzia huko.

Mwanachama, Tanga: Mwanangu, mimi ni mjane na nimestaafu. Hakuna utaratibu wa kuniunganisha na mwanamke mwenzangu tukagawana kabini?

Shikamoo mama. Kampuni nyingi za meli haziunganishi watu wasiofahamiana. Wanaofanya hivyo ni waandaaji wa safari za makundi, na baadhi wana makundi ya wanawake watupu. Waulize mambo matatu: kama asipopatikana wa kugawana naye nyongeza italipwa na nani, kama vitanda vinatenganishwa, na kama unaweza kuzungumza naye kwa simu kabla ya kulipa. Kabini ni ndogo, mama, na choo ni kimoja. Ikiwa tofauti ni dola mia mbili hivi, mimi ningelala peke yangu niswali na kulala kwa saa zangu.

Mwanachama, Doha: Tumelipia wawili. Rafiki akijitoa mwezi mmoja kabla, mimi nafanywaje?

Kwa kawaida utahesabiwa upya kama msafiri wa peke yake, na yeye atakatwa kulingana na tarehe aliyojitoa. Soma masharti ya mkataba wenu sasa, si siku hiyo. Zipo bima za safari zinazolipa nyongeza hiyo ikiwa mwenzako amejitoa kwa sababu zinazotambuliwa, kama ugonjwa au msiba. Kila mmoja akate bima yake, na muandikishane nani atabeba nini. Urafiki umewahi kuvunjika kwa kidogo kuliko hicho.

Mwanachama, Ohio: Kuna watu huandika jina la mtu wa pili ambaye hatakuja, kwa sababu ofa ya “wa pili nusu bei” inafanya jumla iwe ndogo kuliko ya mtu mmoja. Vipi hapo?

Nimeona bei za namna hiyo, na ni kichekesho kwamba mtu mmoja alipishwe zaidi ya wawili. Lakini jina hilo linahitaji taarifa za pasipoti, na ukilifuta baadaye kampuni inaweza kukutoza upya kwa bei ya siku hiyo. Kuna njia iliyo safi zaidi: mpigie wakala, mtajie bei zote mbili, umwombe akupe ile ya chini kwa jina lako peke yako. Mara nyingine wanakubali.

Mwanachama, Nairobi: Ndani ya meli nalipaje? M-Pesa si itakwama?

Itakwama. Kila ununuzi unaingia kwenye akaunti ya kabini, nayo unaifungua kwa kadi ya benki au kwa kuweka fedha taslimu mapokezi. Ukitumia kadi ya malipo ya moja kwa moja (debit), meli huzuia kiasi fulani kila siku hata kama hujakitumia, na benki inaweza kuchukua siku kadhaa kukiachia. Mkiwa wawili mngekuwa na kadi mbili. Wewe beba ya akiba kutoka benki nyingine, na uziarifu benki zote mbili kabla hujaondoka kwamba unakwenda nje ya nchi.