Hukumu za nuni sakina kwa slaidi zenye sauti: mwongozo kwa walimu wa IRE (Elimu ya Dini ya Kiislamu)

Nuni sakina ni herufi nuni isiyo na irabu, na hukumu zake ni kanuni nne za kuitamka kulingana na herufi inayoifuata. Huku Mumias, magharibi mwa Kenya, mwanafunzi aliyepitia madrasa husoma Juzuu Amma (sehemu ya mwisho ya Qur'ani) vizuri kabisa, lakini ukimuuliza hapo pana hukumu gani, ananyamaza. Mwenzake aliyelianza somo sekondari hukariri majina ya hukumu asizojua zinavyosikika. Slaidi za kubonyeza huwafaa wote wawili, mradi sauti itangulie maandishi.

Tayarisha kompyuta, projekta, spika na programu ya LibreOffice Impress, ambayo ni ya bure.

Hatua ya 1: Chagua aya wanazozijua. "Min ‘alaq" (sura ya 96, aya ya 2) ni idhhar (nuni hutamkwa wazi), "faman ya‘mal" (99:7) idgham (nuni huingizwa katika herufi inayofuata) yenye ghunna, yaani sauti ya puani, "yakun lahu" (112:4) idgham isiyo na ghunna, "layunbadhanna" (104:4) iqlab (nuni hugeuzwa mimu), "min sharri" (113:2) ikhfa (nuni hufichwa, ikabaki ghunna). Anza na iqlab, kwa kuwa herufi yake ni moja tu, ba. Ikhfa yenye herufi 15 iwe ya mwisho.

Hatua ya 2: Mwombe ustadhi akusomee, urekodi kwa simu. Aya isomwe nzima. Wako walimu wanaorekodi pia usomaji wenye makosa ili darasa lilinganishe; mimi siafiki, Qur'ani haisomwi makosa kwa makusudi. Muziki na vilio vya kushangilia pia viache.

Hatua ya 3: Hapa ndipo penye kazi. Slaidi ya kwanza iwe na kitufe cha sauti peke yake. Ya pili iwe na aya, nuni na herufi inayoifuata zikiwa na rangi, na chini yake vitufe vinne vya hukumu. Bonyeza kila kitufe kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua sehemu ya mwingiliano (Interaction), kisha slaidi kitakayoifungua. Jibu sahihi lirudie sauti na kutoa sababu. Jibu lisilo sahihi lisiseme "umekosa" tu, liulize: "Herufi gani inaifuata nuni? Nuni umeisikia wazi?" Kisha limrudishe kusikiliza tena. Usisahau kuzima ubadilishaji wa slaidi kwa kubonyeza popote, la sivyo mguso mmoja utafichua jibu.

Hatua ya 4: Darasani, wasikilize mara mbili vitabu vikiwa vimefungwa, wajadiliane wawili wawili, ndipo mmoja aje abonyeze. Anayebishana kuhusu ghunna abane pua huku akisoma: sauti ikikwama, ghunna ipo. Jaribio hili lipe muda, maana ndipo wa madrasa anapogundua jina la jambo analolifanya tangu utotoni.

Hatua ya 5: Slaidi na sauti zikae folda moja, nawe uihamishe nzima kwenye flashi, ukibeba slaidi peke yake, sauti huenda zisicheze. Nakili sauti kwenye simu pia. Stima ikipotea, utatumia simu na ubao.

Kipindi kinachofuata, kila kundi litengeneze slaidi yake ya tanwini, yaani alama ya irabu mbili inayotoa sauti ya "n" mwishoni mwa neno. Wape "naran dhata lahab" (111:3) waanzie hapo.