Jinsi ya kupima kama tangazo la kuacha sigara linashawishi kweli

Ukipewa tangazo la kuacha sigara ulipime usianze na lile swali la "mmelipenda?", hapo ndo wengi wanapopotea, maana tangazo linaweza kupata malaiki na mashea kibao na asiwepo hata mvutaji mmoja aliyezima fegi. Na wasiovuta waache kwanza, wao kila kitu watakwambia kikali sana kwa sababu hakiwahusu.

Tafuta wavutaji wa kila siku, waonyeshe mara moja tu kisha pigeni stori nyingine, baadae waambie wakuelezee walichoona. Kama wanakumbuka pafu bovu ila walichoambiwa wafanye hawakikumbuki, hapo kuna shida.

Sasa kwenye kutisha ndo kuna kazi. Kutisha kunasaidia, asikudanganye mtu, Kanada walianza kuweka picha kwenye pakiti 2001 na nchi nyingi zikafuata, ila mtafiti Kim Witte alishaeleza tangu 1992 kwamba mtu akitishwa halafu akajiona hana uwezo wa kujinasua, anaanza kuikimbia hofu badala ya kuikimbia hatari: anageuza pakiti, anatania, anakuletea habari za babu yake aliyevuta mpaka uzeeni. Ukisikia hivyo usiandike tu "hajashawishika", muulize: ukitaka kuacha leo unaanzia wapi? Akikosa jibu basi tangazo limemtisha likamwacha hapohapo.

Marekani 2012 walirusha matangazo ya watu walioumizwa na sigara wakijieleza wenyewe, pamoja na namba ya bure ya kupata msaada, na simu kwenye namba hiyo zikawa zaidi ya mara mbili ya kipindi kama hicho mwaka uliotangulia. Kipimo ndo hicho, kitu cha kuhesabika.

Kwa hiyo hesabu simu, hesabu waliojaribu kukaa angalau masaa 24 bila kuvuta hata moja, halafu wafuatilie tena baada ya miezi 6 maana wengi wanarudia wiki za mwanzo tu (nikotini haina huruma, na mtu kurudia haimaanishi tangazo limefeli, wengi wanaacha baada ya kujaribu mara kadhaa).

Angalia pia kodi. Bei ya sigara ikipanda kipindi hichohicho watu wanaacha kwa sababu ya mfuko, kwa hiyo linganisha na eneo ambalo bei imepanda vilevile ila tangazo halikufika, na kama eneo hilo halipo litaje kabisa suala la kodi kwenye ripoti kabla bosi hajaanza kushangilia.