Jinsi ya kumpima mtu kwa haki wakati kila mtu ana kambi yake

Watu wakisikia habari za kuhukumu kwa haki wanadhani unawaambia wakae katikati, wanyamaze, wacheke na kila mtu. Hapana bana. Mimi nina upande wangu na siuachi leo wala kesho, na kuna watu nimewapima nikaona hawafai kabisa na bado naona hivyo. Ninachosema hapa ni kitu kidogo tu, kwamba ile mizani unayompimia mtu wa kambi ya pili iwe ndo ile ile unayompimia wa kwako, kama ni kali iwe kali kote na kama ni ya huruma basi huruma iende kote. Kusema ni rahisi, kufanya ndo shughuli, kwa hiyo naeleza ninavyofanya mimi na kwa nini naona inasaidia.

Kabla ya yote ujue kwamba macho yako nayo yana timu. Mwaka 1951 kulikuwa na mechi ya futiboli ya Kimarekani kati ya vyuo viwili vya huko Marekani, Princeton na Dartmouth, mechi chafu kweli, nyota wa Princeton alivunjika pua na mchezaji mmoja wa Dartmouth akavunjika mguu. Wanasaikolojia wawili, Albert Hastorf na Hadley Cantril, wakawaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ya mechi hiyo, wakawaambia wahesabu faulo. Wanafunzi wa Princeton waliona Dartmouth wamecheza faulo zaidi ya mara mbili ya zile walizoziona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Filamu ni moja! Na hakuna aliyekuwa anadanganya, hilo ndo la kutisha, kila mtu aliandika alichokiona. Kwa hiyo siku hizi mtu akiniambia "mimi nimeona kwa macho yangu" namheshimu lakini haiishii hapo, na mimi mwenyewe nikijiambia hivyo ndo nashtuka zaidi.

Sasa, kujiambia tu "ngoja niwe mwadilifu" hakusaidii, na hii sio maoni yangu peke yangu. Mwaka 1979 Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper walichukua wanafunzi wanaounga mkono adhabu ya kifo na wanaoipinga, wakawapa wote tafiti mbili, moja inasema adhabu hiyo inapunguza mauaji na nyingine inasema haipunguzi. Ungetegemea wapoe kidogo si ndio? Wakatoka kila mmoja amekaza zaidi kule alikokuwa, utafiti unaompendeza aliuona wa maana, usiompendeza akautafuta kasoro mpaka akazipata. Mwaka 1984 Lord na Lepper wakarudia jambo hilo pamoja na Elizabeth Preston, kundi moja wakaliambia lipime bila upendeleo, haikubadilisha kitu cha maana. Kundi lingine wakaliambia lijiulize hivi: je, ungeupima utafiti huu hivi hivi kama matokeo yake yangeangukia upande wa pili? Hapo ndo upendeleo ukashuka.

Kwa hiyo kazi kubwa ni hiyo, kugeuza. Mimi naifanya kwa kuandika, manake kichwani mtu unajidanganya haraka sana. Chukua simu, fungua sehemu ya notisi, pale pa kujiandikia mambo yako, andika tendo lenyewe kwa sentensi moja isiyo na jina, isiyo na chama, isiyo na neno la hasira. Mfano: "Msemaji aliulizwa pesa za michango zimeenda wapi, akasema ataleta maelezo wiki ijayo, wiki imepita na hajasema kitu." Isome. Sasa weka jina la mtu unayempenda mle ndani, yule unayemtetea kila siku, usikilize moyo unasema nini: labda anaumwa, labda anamsubiri mhasibu, watu nao wana papara. Futa. Weka jina la yule usiyeweza hata kusikia sauti yake. Mwizi! Nilijua! Tendo ni lile lile, herufi kwa herufi, ila umepata majibu mawili, na ule umbali kati ya jibu la kwanza na la pili ndo upendeleo wako umeuona kwa macho.

Ukishauona, amua jibu moja la kuwapa wote wawili. Mara nyingi mimi naona sio lile la kwanza wala la pili, kwenye huu mfano haki ni kusema hajajibu, aulizwe tena, na apewe tarehe. Haina utamu wa kuandika kwenye komenti lakini ndo kitu tunachokijua kweli.

Angalizo moja hapa kwa sababu kuna watu wanaitumia mbinu hii vibaya: geuza upande tu, usigeuze na ukubwa. Waziri aliyetukana kwenye mkutano usimlinganishe na kijana mwenye wafuasi wachache aliyetukana akiwa na hasira zake usiku, alafu ukasema "mbona hata wao". Mwenye cheo maneno yake yanabeba polisi na bajeti. Waziri mgeuze kwa waziri, kijana kwa kijana.

Kuhusu klipu nitasema kwa kifupi kwa sababu wengi mnajua ila hamfanyi. Klipu ikianzia katikati ya sentensi, yaani neno la kwanza unalolisikia ni "...na ndio maana nasema hawa waondoke", jiulize hawa ni kina nani, sentensi ilianzaje, na yale maandishi ya chini kaweka nani. Anayeisambaza akisema ni ya "leo asubuhi" muulize kaitoa wapi. Ukikosa video ndefu usihukumu, sio lazima kila kitu uwe na msimamo nacho ndani ya dakika tano, "bado sijui" ni jibu kamili na hakuna sheria inayolikataza. Ila kama kuna mtu ameumia kwenye hiyo klipu, kumsaidia hakusubiri uchunguzi, hayo ni mambo mawili tofauti.

Kitu kingine, angalia mtu alikuwa na uhuru kiasi gani. Kuna jaribio la mwaka 1967 la Edward Jones na Victor Harris, watu walisomeshwa insha za kumsifia au kumpinga Fidel Castro, kiongozi wa Cuba wa wakati huo, na wakaambiwa wazi kabisa kwamba mwandishi hakuchagua upande, alipangiwa. Bado wakaona aliyemsifia Castro lazima ana Castro kidogo moyoni. Ndo sisi hao. Mfanyakazi anasoma tangazo aliloandikiwa na bosi tunamtukana yeye, mwanafunzi kapangiwa upande wa kutetea kwenye mdahalo tunamuwekea lebo mwaka mzima. Mimi hujiuliza kama angekataa angepoteza nini. Jibu halimsafishi kila mara, mtu mwenye uwezo wa kukataa akakubali nitamhesabia, lakini mwenye mkopo na watoto anayesoma karatasi nampunguzia sana na yule aliyeandika ile karatasi namuongezea.

Alafu acha kumhukumu mtu kwa picha ya kundi lake, kwa sababu hiyo picha uwezekano mkubwa sio ya kweli. Douglas Ahler na Gaurav Sood walichapisha utafiti mwaka 2018, waliwauliza Wamarekani wakadirie ni asilimia ngapi ya Warepublican, yaani wafuasi wa moja ya vyama viwili vikubwa vya huko, wanapata zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka. Kwa wastani wakakadiria kama 38. Ukweli ni kama 2. Yaani watu walikuwa na hasira na jirani ambaye hayupo! Na hata wanachama wenyewe walikosea kuhusu chama chao, ila waliokosea zaidi ni wa upande wa pili.

Dawa yake ni ya kawaida mpaka inachosha, kumuuliza mtu aliye mbele yako. Kabla hujamwambia "nyinyi mnaamini hivi", muulize "wewe mwenyewe unaonaje?" alafu ukae kimya umsikilize mpaka amalize. Akimaliza mrudishie kwa maneno yako, "kama nimekuelewa unasema hivi na hivi, nimekosea wapi?" Mwanahisabati Anatol Rapoport alipendekeza kitu kama hicho, kwamba kabla ya kumpinga mtu ueleze hoja yake mpaka yeye akubali kuwa umeieleza sawasawa. Ukiweza kufanya hivyo na bado ukaona amekosea, pinga kwa nguvu zako zote. Nimegundua watu hawakasiriki sana kupingwa, wanakasirika kupingwa kwa kitu ambacho hawajasema.

Sehemu ngumu ambayo hakuna anayependa kuiongelea ni grupu lako mwenyewe. Siku utakayoandika "jamani hii habari tumeikata vibaya, yule hakusema hivyo" utaulizwa umelipwa shingapi. Ushauri wangu usianze na hotuba, anza kwa kumtumia aliyeposti ujumbe wa pembeni, mpe nafasi ya kufuta bila kuaibika, wengi wanafuta. Asipofuta, weka ile video ndefu kwenye grupu bila maneno mengi, "hii hapa yote, dakika ya tatu". Usijitetee kwamba na wewe ni mwenzao, ukianza kujitetea mjadala unakuwa wako. Watakaokuita msaliti wapo, ila kuna ambao hawatasema kitu na wataiangalia ile video.

Na mwisho wa hukumu kuna adhabu, ambayo tunaisahau kabisa. Unaweza ukampata mtu na kosa kwa haki tupu kisha ukampa adhabu ya kikatili. Mtu kaandika ujinga, sawa, ni ujinga, lakini je apoteze kazi? Watoto wake wachekwe shuleni? Hapo narudi kwenye notisi, naandika kosa bila jina, naweka jina la mdogo wangu, naangalia adhabu gani ningeona inamtosha ili ajifunze, alafu hiyo ndo naitaka kwa yule mwingine. Akiomba radhi na kurekebisha alichoharibu namhesabia, hata kama grupu zima linasema anaigiza, kwa sababu mdogo wangu akiomba radhi siendi kumpima machozi. Akirudia kosa lile lile baada ya hapo, nalo linaingia kwenye hesabu, na adhabu ya kosa la pili inakuwa kubwa kuliko ya la kwanza.