Kupoza maziwa ya jioni kwa barafu ya sola

Kule Kiruhura na Mbarara, magharibi mwa Uganda, maziwa ya asubuhi huwahi gari la mnunuzi. Ya jioni hulala, na ndiyo yanayokwama kesho yake kwenye kipimo cha alkoholi (maziwa yaliyoanza kuchacha huganda yakichanganywa na alkoholi). Betri kubwa za kuendesha friza usiku kucha ni ghali. Afadhali baridi ihifadhiwe kama barafu, igandishwe mchana jua likiwaka. Hesabu hapa ni za debe moja la aluminiamu la lita 20.

Hatua ya 1: Kadiria barafu. Maziwa hutoka kwa ng'ombe yakiwa na nyuzi kama 35. Kuyafikisha 4 ni kuondoa takriban kilojuli 2,500 za joto. Kilo moja ya barafu, hadi iyeyuke na maji yake yafike nyuzi 4, hufyonza kilojuli 350. Kwa hiyo zinahitajika kilo 7 na ushee. Ukitanguliza maji ya kisima (hatua ya 4), zinabaki kilo 5. Gandisha 9, maana sanduku nalo hupitisha joto na barafu kidogo sharti ibaki hadi alfajiri.

Hatua ya 2: Gandisha. Chukua chupa 10 za lita moja, utie kila moja mililita 900 tu: maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na chupa iliyojaa hupasuka. Ziegemeze kwenye kuta za friza zikiachana. Zikirundikwa, za katikati zitakuwa bado maji jioni. Uwe na seti mbili za kupokezana, nayo seti ya ziada itakuokoa siku ya mawingu. Friza ndogo ya volti 12 au 24 iliyofunikwa vizuri itaridhika na paneli za wati 400 hadi 450.

Hatua ya 3: Sanduku la kutia maji, chupa za barafu na debe. Mbao nje, beseni la plastiki ndani, katikati sentimita 5 za stairofomu au 10 za maganda ya mpunga yaliyofungwa ndani ya nailoni. Maganda yakilowa hayazuii joto tena. Maji ya sanduku usiyamwage kila siku: lita 20 mpya za nyuzi 22 zitakula zaidi ya kilo 4 za barafu kabla debe halijaingia.

Hatua ya 4: Punguza joto bure. Simamisha debe kwenye karai la maji ya kisima, koroga, badilisha maji yakipata uvuguvugu. Kipimajoto kikisoma 25, hamisha.

Hatua ya 5: Poza. Maji ya barafu yapande kupita usawa wa maziwa, ila yabaki chini ya mdomo wa debe. Koroga kila dakika 5 kwa saa ya kwanza, kwa mwiko wa chuma kisichoshika kutu. Wengi hudharau hatua hii. Maziwa yaliyotulia hupoa pembeni tu, katikati yakabaki vuguvugu na bakteria wakaendelea kuzaana huku barafu ipo tele.

Laktomita (kipimo cha uzito wa maziwa kinachoonyesha kama yametiwa maji) ikishuka, angalia kama maji ya sanduku yameingia debeni. Barafu yenyewe usiitumbukize kamwe ndani ya maziwa. Yakichacha ilhali yalipoa vizuri, kagua usafi wa debe na mikono ya mkamuaji, kwa kuwa baridi huwapunguza bakteria kasi lakini haiwaui. Jerikani za plastiki ziache kabisa: hupoa polepole na pembe zake hazisafishiki. Na asubuhi, maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yapelekwe katika debe lake, yasimiminwe juu ya yale baridi.