Kabla Hujaingia Mtihani wa Uuguzi, Angalia Haya

Kadi ya mtihani, kitambulisho, kalamu mbili, saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Weka usiku, usingoje asubuhi. Simu utaiacha nje, kwa hivyo usinipe habari za saa ya simu, na pumzi za mgonjwa hazihesabiwi kwa kukisia. Unayekaa Likoni, vuka na feri ya mapema kuliko ile unayodhani inatosha. Kunywa chai, kula mahamri yako. Kucha fupi, pete nyumbani, hina ya harusi ya binamu yako ingoje wiki ijayo. Hayo sitayarudia.

Namba za kawaida zikae kichwani kama jina lako. Mtu mzima: mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, pumzi 12 hadi 20, oksijeni ya damu asilimia 95 kwenda juu. Mtoto ana namba zake. Wa miezi 2 hadi 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, huyo anapumua haraka. Akishafika mwaka mmoja mpaka miaka mitano, ni 40. Na uhesabu dakika nzima, tena mtoto akiwa ametulia. Ukihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, mtahini anakuona.

Hesabu ya dripu ifanye mpaka ikuchoshe. Lita moja iishe kwa saa 8, mrija wa matone 20 kwa mililita: 1,000 mara 20, gawa kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Wengi wanaoikosa wanaijua vizuri, ila wamesahau kugeuza saa kuwa dakika.

Kunawa mikono kwa sabuni na maji, sekunde 40 hadi 60. Fanya kweli, usiseme tu "nimenawa".

Sasa damu. Hili limenigharimu nusu mwaka, kwa hivyo vumilia nikae nalo.

Mara ya kwanza nilipofanya mtihani wa vitendo, kituo cha tatu kilikuwa na kitanda, sanamu la mgonjwa limefunikwa shuka mpaka kifuani, mfuko wa maji mekundu umening'inizwa kwenye stendi, na mtahini, mama mmoja mpole wa sauti ya chini. Akanipa karatasi: mgonjwa alianza kuongezewa damu dakika 10 zilizopita, sasa anatetemeka na analalamika kiuno kinamuuma. Nikafurahi! Usiku wa kuamkia siku hiyo mimi na shoga yangu tulikuwa barazani kwao Kisauni tukiulizana habari za damu mpaka mamake akatufukuza tukalale. Basi nikaanza kwa utaratibu wangu. Nikajitambulisha. Nikamtuliza mgonjwa. Nikapima joto, presha, mapigo, nikaandika kwenye chati, nikasema sasa namwita daktari. Mdomo unakwenda kama redio. Yule mama ananitazama, anatazama juu ya stendi, ananitazama tena. Macho yale sikuyaelewa. Mwisho akaniuliza, "Na damu, sista?"

Damu ilikuwa ingali inadondoka. Muda wote niliokuwa nikimpa mgonjwa pole, nilikuwa namtilia kilekile kinachomuumiza.

Nikaruka nikaifunga. Ningekomea hapo pengine angenihurumia, lakini nikachukua dripu ya chumvi, nikaichomeka kwenye mrija uleule na kuifungulia. "Ndani ya mrija huo mna nini?" Sikujibu. Mna damu, tena ileile, na mimi nilikuwa naisukuma imwingie yote.

Nilianguka. Ada ya kurudia alilipa khalati yangu anayepika mahamri Majengo, na hakuniambia neno, jambo lililoniuma kuliko kama angenisema.

Kwa hivyo shika hivi. Mgonjwa akibadilika damu ikiwa inaingia, mkono wa kwanza ni kwenye kifungio cha mrija. Funga. Toa mrija wote, weka mpya wenye dripu ya chumvi ili mshipa usizibe, ita daktari, pima, kisha linganisha tena jina na namba za mfuko na za mgonjwa. Mfuko na mrija wake usitupe, vinarudi maabara. Na hata asipobadilika, zile dakika 15 za mwanzo usibanduke kitandani, na mfuko mmoja usichukue zaidi ya saa 4 kuisha.

Tangu siku hiyo kila hali naisoma kwa swali moja: ni nini kinamuumiza sasa hivi, na naweza kukizuia kwa mkono wangu kabla sijafungua chati? Mama aliyejifungua anavuja damu nyingi: piga kelele ya msaada huku mkono uko tumboni unasugua mji wa mimba, oksitosini, dawa ya kukaza mji, uniti 10 kwenye msuli, kisha kibofu, kwa sababu kibofu kikijaa mji haukazi. Kondo ulikague kama limetoka lote. Mwenye kisukari amepoteza fahamu: mdomoni hakuingii kitu, si soda, si asali ya bibi, sukari yake inapita kwenye mshipa. Mtoto wa kuhara aliyelegea, macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiibana inachukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, huyo si wa kupewa pakiti ya ORS, ile ya kuchanganya na maji ya kunywa, akarudishwa nyumbani, huyo ni wa dripu sasa hivi.

Kifafa cha mimba nacho kina mtego. Kila mtu anakariri dozi ya magnesiamu salfeti, dawa yake, na kusahau kwamba kabla ya kila dozi inayofuata unaangalia vitu vitatu: pumzi zisipungue 16, goti likigongwa liruke, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kimojawapo kikikosekana, huchomi. Na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima magnesiamu ikizidi, iwe karibu, si kabatini kwa mwenye ufunguo aliyekwenda kula.

Potasiamu haisukumwi moja kwa moja kwenye mshipa. Kamwe. Ukiiona kati ya majibu, ikate upesi.

Kwenye karatasi ya nadharia, pigia mstari neno "kwanza" kila unapoliona. Hapo mara nyingi majibu yote manne huwa ni kweli, ndiyo maana watu hutoka wakiapa wamefaulu. "Mwite daktari" ni jibu zuri pale ambapo wewe mwenyewe huna la kufanya kabla yake, na mara nyingi unalo.

Noti za kupokezana kwenye simu zitazame mara mbili, nyingine zimenakiliwa na watu wasiojua wananakili nini. Usibadilishe jibu kwa sababu jirani amekohoa. Viazi karai vya njiani, pamoja na ukwaju, siku hiyo viache. Usiku lala. Na mkitoka chumbani msisimame getini kulinganisha majibu, hasa na yule anayejua kila kitu; karatasi ya pili iko kesho saa tatu.